Mpira wa Juu ya Paa

Nikiri mapema, maana nikichelewa nitajifanya mtu mwema: siku ile nilipopanda ngazi za hoteli moja ya Sharafiya, hapa Jeddah, kwenda kumkumbuka marehemu, sikwenda kulia. Nilikwenda kuwakomesha. Mkobani mwangu, chini ya leso na chupa ya maji, nilikuwa na mpira ambao wanaume wa chumba kile walikuwa wameutafuta miaka na miaka. Nilishapanga mambo yote. Ningewaacha waseme weee mpaka wachoke, kisha ningeuweka mezani katikati ya sahani za mandazi na kuwaambia, haya basi, nyie mliokuwa mkimshangilia, mimi ndiye niliyerushiwa huu. Halafu ningekaa nikazitazama sura zao.

Nina wivu, sifichi. Mama alinisema kwa wivu tangu nikiwa na miaka sita, na wakati huo ilikuwa ni kwa ajili ya viatu vya dada yangu tu. Mwanamke akisema ana wivu watu hudhani kuna mwanamke mwenzake. Wangu mimi ulikuwa juu ya uwanja. Uwanja wenyewe wa vumbi, nje kidogo ya Riyadh, una lori bovu la maji upande mmoja na kibao cheupe upande wa pili. Sijawahi kuukanyaga, na nimeuchukia kama mtu.

Wakati ule nilikuwa Riyadh, mtaa wa Naseem, kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye watoto watano. Madam alikuwa mwalimu. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mwoga. Aliogopa nitatoroka, kwa hiyo simu yangu ilikaa kwenye droo yake pamoja na pasipoti, na ufunguo wa mlango wa mbele alitembea nao. Nilikuwa na kisimu kidogo cha vibonyezo nilichorithi kwa dada wa Uganda aliyefanya kazi pale kabla yangu, nimekificha ndani ya gunia la mchele. Laini sikuwa nayo. Kule laini husajiliwa kwa ikama yako, kile kibali cha ukaazi, na alama ya kidole, na ikama yangu alikuwa nayo kafili, bosi aliyenileta. Kisimu changu kilikuwa cha kutazama saa tu.

Mahali pangu palikuwa juu ya paa. Nyumba za kule zina paa tambarare lililozungushiwa ukuta wa kifuani, na hapo ndipo nilipoanika nguo, kando ya matangi ya maji. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana familia nzima ilikwenda kwa nyanya yao, mimi nikafungiwa ndani, na paa likawa langu mpaka karibu na maghribi.

Siku moja nilikuwa nikifukuza njiwa waliokuwa wakichafua mashuka. "Tokeni hapa, washenzi nyie!" Sauti ikajibu kutoka barabarani: "Aisee! Kumbe kuna mtu wa nyumbani huko juu!"

Nikachungulia. Alikuwa dereva wa nyumba ya ng'ambo, anaosha gari, suruali imekunjwa magotini. Mtu wa Kitui. Mikono mirefu ajabu, nikajisemea huyu akisimama wima si atajikuna magoti? Hatukuweza kupigiana kelele, majirani wana masikio. Akaingia chumbani kwake cha getini, akatoka na chungwa, akanionyesha, akarudi nyuma hatua mbili. Kabla sijaelewa anataka nini, chungwa lilikuwa limeshapita juu ya waya za umeme na limeshuka mkononi mwangu taratibu, utadhani kanikabidhi mlangoni. Sikusogea hata hatua moja kulidaka.

Nililila palepale, nimeketi juu ya beseni, na nikalia. Mtu ukikaa miezi minane bila kupewa kitu chochote kisicho cha kazi, chungwa si jambo dogo.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila Ijumaa chungwa, na chungwa lilikuja limefungwa karatasi kwa mpira wa kufungia hela. Barua zenyewe fupi. "Umekula?" "Mguu umepona?" "Leo bosi amenituma maziwa mara nne." Mimi nilimjibu kwa kibanio cha nguo: nabana karatasi, naiachia, inaanguka barabarani kando ya gari lake, naye anainama kama anayekagua gurudumu. Hata habari za kisimu changu kisicho na laini nilimwandikia. Miezi sita, saba hivi. Hatukuwahi kugusana hata vidole. Lakini alikuwa wangu, na usiniulize nilijuaje.

Kisha likaja balaa. Ijumaa moja upepo ulikuwa mkali. Chungwa likagonga dishi la televisheni, likaanguka uani, mimi sina ufunguo wa uani. Madam akarudi akalikuta na karatasi yake. Kilichoandikwa kilikuwa "Ijumaa njema, kula vizuri," lakini hakuna aliyejua Kiswahili pale isipokuwa mimi, na mimi nani angeniamini? Paa likafungwa mwezi mzima. Nguo nikaanika uani huku madam akinitazama dirishani.

Lilipofunguliwa tena, yule dereva wangu alinionyesha viganja vitupu na kutikisa kichwa. Nikaelewa: barua halas, zimekwisha. Kutoka siku ile yalikuja machungwa matupu. Nilikubali. Hata tupu lilikuwa langu.

Sasa niwaelezee alivyoingia yule Mfilipino. Alikuwa fundi wa viyoyozi, mtu mfupi mwenye kofia, yuko juu ya paa la jirani anafungua mashine, na chungwa langu likapita mbele ya macho yake. Nilimwona akiacha bisibisi. Akatazama barabarani, akatazama kwangu, akatazama tena barabarani. Akashuka ngazi mbiombio, na nilipochungulia alikuwa ameshika mkono wa kulia wa mtu wangu, anaupindua huku na huku, anaupima kama mnunuzi wa ng'ombe. Wafilipino walikuwa na timu yao ya besiboli, wanacheza Ijumaa. Ijumaa alasiri! Siku saba za wiki, hawakuona nyingine.

Mchezo wenyewe siujui vizuri mpaka leo. Mmoja anatupa, mwingine anaupiga kwa rungu, halafu anakimbia kuzunguka mpaka arudi kwenye kibao cheupe alikoanzia, na akikifikia ni pointi. Yeye kazi yake ilikuwa kusimama nyuma kabisa, karibu na lile lori bovu, asubiri mpira uliopigwa mbali, aurudishe kabla mkimbiaji hajagusa kibao. Kazi ya kusimama juani na kurusha. Nikasema moyoni, na mimi si niko juani?

Mwanzo alinirushia chungwa haraka haraka kabla ya kuondoka, kofia kichwani, mguu mmoja uko ndani ya gari la wenzake. Baadaye ikawa Ijumaa hii lipo, ijayo halipo. Nikabaki na njiwa wangu.

Na sifa zake zikaanza kunifuata mpaka ndani. Madam alinipeleka kliniki kupima damu kwa ajili ya ikama, na pale kwenye foleni wadada wawili wa Kenya, hao wenye mabosi wa kuwaachia Ijumaa, walikuwa wakipiga domo. "Ulimwona yule wa Kitui jana? We! Kutoka kwenye lori mpaka kwenye kibao, mpira haukugusa chini!" Mwenzake akasema yeye hupeleka chupa ya chai na mahamri, na kwamba Wakenya wote wa upande ule wa mji wanakwenda, madereva, walinzi, wakipiga kelele, "Mkono! Mkono!" Nilikaa nikibonyeza pamba kwenye mshipa. Nilitaka kumuuliza, hiyo chai anaikunywa? Anakunywa vikombe vingapi? Mimi sijawahi kumpa hata tone la maji, na wewe unampelekea mahamri?

Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula usiku ule. Wao walimwona akirusha mbele ya macho yao. Mimi niliyeanza kudaka, nimefungiwa na nguo za watu.

Ndipo ikaja Ijumaa ya mpira. Ilikuwa wiki moja baada ya ule mrusho wa kutoka kwenye lori. Familia ilikuwa imeondoka, mimi nimesimama ukingoni na beseni, nimenuna. Akatoka na jezi ya timu. Akatazama barabara kulia na kushoto, akarusha. Mkono wangu uliinuka wenyewe kwa mazoea, nikadaka, nikaumia. Halikuwa chungwa. Kilikuwa kitu kigumu, cha ngozi ya kijivu iliyochakaa, mshono wake nusu uzi mwekundu nusu mweusi. Mpira wao! Mkuukuu, umeshonwashonwa!

Nikamtazama. Yeye anatabasamu. Akaweka mkono sikioni, akaushikilia hapo, nyusi amezipandisha, kama wanavyofanya wachezaji wa kandanda wakifunga bao na kuwakimbilia mashabiki: sikieni mnavyonishangilia.

Haki ya Mungu niliwaka. Nikaona, huyu amekosa hata haya ya kunifichia. Mwezi mzima hana chungwa, leo ananiletea mwenzangu aliyenipokonya, na juu ya hayo anajisifu. Nilitaka kuurudisha chini nimpasue kichwa. Nikafikiri tena. Kama wanaupenda hivyo mpira wao, basi huu mmoja hawataupata. Nikampa mgongo, nikashuka, nikautia chini kabisa ya sanduku langu, ndani ya soksi.

Ijumaa iliyofuata nilianika nguo mapema. Alasiri nilijificha katikati ya matangi, nikamsikia akipiga mluzi, nikachungulia kwenye upenyo. Alisimama pale barabarani, mkono sikioni tena. Nikasema, endelea kujisifu baba, hapa huna shabiki. Ijumaa ya pili vilevile. Ya tatu vilevile, ila hakutabasamu. Gari la wenzake likapiga honi, akaingia.

Wiki hiyohiyo baba wa nyumba akahamishiwa Jeddah kikazi. Tulipakia asubuhi ya siku ya shule, wakati yeye yuko barabarani na watoto wa bosi wake. Nilitazama mlango wa chumba chake cha getini mpaka gari likakata kona. Sikuacha hata kibanio.

Jeddah nimekaa mpaka leo, na familia ni ileile. Mambo yamelegea. Madam alichoka kuogopa, au labda nilizeeka machoni pake. Simu yangu ninayo, ikama yangu ninayo mwenyewe, Ijumaa natoka. Nakwenda Sharafiya, nala ugali na sukuma, natazama nguo nisizonunua, narudi. Huko ndiko nilikozipata habari zake kidogo kidogo, maana madereva huhamahama kama mimi. Kwamba bado anarusha. Kwamba mpira wa ule mrusho wa lori umepotea na wenzake wanautafuta. Kwamba alipochukua ekziti kwenda nyumbani moja kwa moja, uwanja mzima ulimsindikiza. Kwamba ameoa. Siku niliyosikia kwamba ameoa nilikanda unga wa sambusa mpaka madam akauliza unga umenikosea nini.

Mwaka huu ujumbe ukaingia kwenye kundi la simu la Wakenya. Aliugua wiki mbili, akafariki, ameacha mke na mtoto mmoja wa kike. Chini yake wanaume wakaanza: simba wetu, mkono wa dhahabu, hatatokea mwingine. Wakapanga kukutana Sharafiya, chumba cha juu, Ijumaa baada ya alasiri. Ijumaa alasiri! Hata amekufa bado ni yao. Ndipo nilipokwenda kufungua sanduku.

Tulikuwa kama ishirini, wanawake watano. Kwenye meza waliweka picha yake kubwa amevaa jezi, na mbele ya picha glavu yake ya ngozi. Aliyeileta ni yule fundi wa viyoyozi. Amezeeka, kofia ni ileile. Hakunitambua, na angenitambuaje, aliniona mara moja, mita kumi na tano, nimejifunga ushungi.

Wakaanza. Mlinzi mmoja wa Kakamega, sauti kama spika ya msikitini, akasimulia mrusho wa lori. Mpira ulipigwa mpaka ukagonga tairi la lile lori bovu, mkimbiaji ameshazunguka, anarudi, watu wameshakata tamaa. "Akauokota hivi, bila hata kupanga miguu. Nawaambia ulipita juu yetu ukipiga mluzi! Ukaingia kwenye glavu ya mdakaji, yule mkimbiaji akabaki amesimama hatua mbili kutoka kwenye kibao anashangaa." Mwingine akasema hatua nne. Wakabishana, nusura wapimane sakafuni. Watu wa chuku hao.

Kisha wakaanza kubishana mkono ule aliutoa wapi. Mmoja akasema ni kwa kuwapiga mawe nyani shambani kwa baba yake. Mwingine akasema alikuwa saidia fundi, anawarushia mafundi matofali ghorofani. Fundi wa viyoyozi akainua kidole. Alisema kwa kile Kiarabu chetu cha kuokoteza, ambacho sote tunakijua.

"Mimi najua. Mimi nilimgundua. Alikuwa anarusha machungwa juu ya nyumba, kila Ijumaa. Mazoezi."

Mazoezi! Nilishika kikombe kwa mikono miwili nisije nikakirusha. Na lile chungwa lilikwenda wapi, mzee? Lilipotelea mbinguni? Uliniona! Ulinitazama usoni! Nikasubiri angalau aseme kulikuwa na mtu juu. Hakusema. Watu wakapiga makofi.

Dada mmoja mwenye baibui ya kijani akafuta macho na kusema, "Mimi chai yangu alikuwa haiachi. Alikuwa akiniambia, dada, bila chai yako mkono hauamki." Wallahi nikamtambua sauti. Yule wa kliniki. Mkono wangu ukaingia mkobani, ukaushika mpira. Nikasema, sasa.

Lakini dereva mmoja mcheshi akaniwahi. "Jamani, tusimfanye malaika. Mmesahau siku aliyodondosha?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikatoa mkono mkobani. Alidondosha? Hilo nililitaka kulisikia.

"Mpira rahisi," akaendelea. "Wa juu, mwepesi, mtoto angedaka. Umeshaanza kushuka, yeye yuko chini yake, na simu ikalia. Unajua wakati ule alikuwa na tabia hiyo, simu anaificha ndani ya soksi, anacheza nayo. Akaachana na mpira! Akachutama, anavuta simu kwenye soksi, mpira ukaanguka kando yake pu! Wenzake wanapiga kelele, watu wanazunguka wanapata pointi, yeye anasema, 'Halo? Halo?' Uso umemng'aa kama bwana harusi."

"Alikuwa nani?" nikauliza. Nilikuwa nacheka kuliko wote.

"Bosi wake! Anataka mikate!" Watu wakapiga meza. "Mngeuona uso ule ulivyozima. Tulipoteza mchezo. Kocha akamwambia simu ibaki garini, akakataa katakata. Alicheza nayo soksini mpaka siku ya ekziti. Tukimuuliza unangoja nini, anasema kuna mtu atapiga."

Nilicheka mpaka machozi, naapa. Nilifurahi. Yule Mkono wao naye alidondosha, akawaaibisha, mbele ya dada wa chai.

Fundi wa viyoyozi hakucheka. Alikuwa akiigeuza glavu. "Mpira wa lori," akasema. "Ule wa siku kubwa. Mnauliza kila mwaka uko wapi. Mimi nilikuwa nashona mipira ya timu, mnajua. Baada ya siku ile aliniletea ule mpira. Akaniambia, fungua mshono kidogo. Akaingiza kitu, kidogo, bapa, kimefungwa kwenye karatasi. Akaniambia, shona. Uzi mwekundu uliniishia, nikamalizia kwa mweusi. Nikamuuliza, wa nani? Akasema, wa mtu ambaye haruhusiwi kutoka."

Chumba kikalipuka. Nani? Mwanamke, lazima mwanamke! Wote wakawageukia wanawake, na yule dada wa baibui ya kijani akajifunika mdomo kwa mtandio, akasema kwa madaha, "Msiniangalie mimi jamani, yaliyopita yamepita." Na wakamwamini! Niliona wanavyomwamini.

Siku nyingine yoyote ningemrukia. Lakini nilikuwa nimeona kitu kingine. Nilikuwa naona mkono uliowekwa sikioni, barabarani, Naseem, Ijumaa nne mfululizo. Hakuwa akisikiliza mashabiki. Mtu yeyote mwenye akili angeijua ishara ile. Mtoto mdogo anaijua.

Nikafunga zipu ya mkoba. Mlinzi wa Kakamega akaniuliza, "Mama, wewe je? Ulimjua Riyadh?"

"Nilikuwa jirani," nikasema. Nikaaga.

Kwenye teksi niliupakata mkoba kwa mikono miwili. Nilifika nyumbani jua halijazama, familia yote imetoka. Nikaketi kitandani, nikachukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, nikaanza upande wa uzi mweusi. Nikajichoma mara mbili. Ngozi ikafunguka. Chini yake kuna sufu ya kijivu iliyozungushwa zungushwa, na juu ya sufu, imeminywa, karatasi iliyokunjwa ndogo kama hirizi.

Ndani yake kulikuwa na laini ya simu. Aliisajili kwa ikama yake mwenyewe, kitu ambacho kingemfukuzisha kazi. Na mwandiko niliokuwa nimeusahau, ule wa herufi kubwa za mtu anayeandika akiegemeza kwenye usukani. Namba yake, na chini ya namba:

"Piga Ijumaa. Hata nikiwa uwanjani nitapokea."

Siku zile za Naseem kisimu changu cha vibonyezo kilikuwa ndani ya mchele. Kilikuwa na chaji. Siku zote zile kilikuwa na chaji, kwa sababu ya kutazama saa.

Nilijichukia pale kitandani kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilimwonea wivu yule anayepeleka chai, nikawaonea wivu madereva, lori, vumbi, na aliyekuwa akipendwa kuliko uwanja mzima ni mimi. Kwa ajili yangu aliuacha mpira ukaanguka. Nami saa moja kabla nilikuwa nimecheka hilo mpaka machozi, tena kuliko wote.

Niliijaribu laini. Haikusoma chochote. Nikaikunja tena kwenye karatasi yake, nikairudisha mahali pake juu ya sufu, nikachukua sindano nene ya kushonea magunia na uzi mweusi.

Simu ilikuwa ikilia ujumbe baada ya ujumbe. Kundi lilikuwa bado linabishana: kwa nini alidondosha, yule mtu wa kupiga alikuwa nani, mpira wa lori uko kwa nani. Dada wa baibui ya kijani aliweka alama za moyo. Mcheshi akaandika kwamba labda huyo mtu hakuwahi kuwapo. Niliandika sentensi nzima, nikaisoma, nikaifuta. Siwaambii. Wamemwona akirusha miaka yote ile, wabaki na hiyo mirusho yao. Hii hawaipati.

Nilikuwa nimebakiza mishono mitatu madam aliporudi, akasimama mlangoni na ufunguo wake mkononi. Akautazama mpira, akanitazama machoni.

"Nini hicho?" akauliza.

"Mpira, madam."

"Wa watoto?"

Nikavuta uzi, nikaukata kwa meno.

"Wangu," nikasema.